Daftari la Mama na Hori Tupu

Mama alifariki katikati ya Oktoba. Kabla mwezi haujaisha, maduka yalikuwa yameshawasha taa za Krismasi. Nakumbuka nilisimama mbele ya kioo cha duka moja, mkobani nina karatasi za hospitali ambazo sikuwa na moyo wa kuzitoa, nikautazama mti wa plastiki uliobandikwa pamba iwe theluji. Ndani spika ilikuwa inaimba furaha kwa watu wote. Mlinzi wa mlangoni akaniambia kwa upole, "Karibu, dada, ofa ni mpaka Jumapili." Sikuweza kumjibu. Niliondoka nikilia barabarani mchana kweupe, na hasira niliyoondoka nayo pale ilikaa nami miaka miwili.

Naandika haya nikimfikiria mtu ambaye mwaka huu ndiyo Krismasi yake ya kwanza tangu afiwe. Sina dawa ya kumpa. Nina habari ya nyumba moja tu, yetu, na namna tulivyokosea mara mbili kabla hatujapata pa kushika.

Lazima kwanza nimweleze mama. Hakuwa mtu wa makuu. Desemba yake ilikuwa na kazi mbili, na kazi zote mbili alizifanya kimya kimya kiasi kwamba sisi watoto tulizichukulia kama hali ya hewa, kitu kinachokuja chenyewe. Kazi ya kwanza ilikuwa sanduku la pango. Lilikuwa na sanamu za udongo alizozinunua kabla sijazaliwa: Mariamu, Yosefu, ng'ombe, punda, kondoo wanne, mamajusi watatu, na mchungaji mmoja aliyevunjika mkono wa kulia. Alizipanga Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, lakini hori aliliacha tupu. Mtoto hakuwemo. Alimviringisha kwenye kipande cha gauni lake la zamani, akamweka kwenye droo yake mwenyewe, chini ya nguo, na huko alikaa mpaka usiku wa kuamkia tarehe 25. Usiku huo mdogo kuliko wote nyumbani ndiye aliyemtoa na kumlaza. Tulipouliza kwa nini mtoto asiwekwe mapema kama kwenye madirisha ya maduka, alijibu, "Hajazaliwa bado. Mnataka kumsherehekea kabla hajafika?"

Kazi ya pili ilikuwa daftari. Jalada lake lilikuwa gumu, jeusi, nyuzi zimeanza kuachia, na ndani majina ya watu yamepangwa kwa herufi. Kila Majilio mama alikaa mezani na kadi zake na daftari hilo, akaandika jioni baada ya jioni. Kando ya baadhi ya majina kulikuwa na msalaba mdogo. Nikiwa mtoto nilidhani msalaba ni alama ya kwamba huyo ameshaandikiwa. Nilikuwa na miaka kama 12 hivi nilipotambua kwamba ni watu waliokufa. Chini ya kila msalaba mama aliandika tarehe ya kifo, kisha majina ya waliobaki: mume, mke, watoto, wakati mwingine rafiki tu. Na hao ndio alioanza nao.

"Wenye furaha wataandikiwa na kila mtu," aliniambia siku hiyo, bila kuinua macho.

Kadi zenyewe zilikuwa fupi. Hakuwaandikia watu kwamba Mungu ana makusudi yake, wala kwamba wakati utaponya. Aliandika jambo moja analolikumbuka kuhusu marehemu, dogo kabisa. Alivyokuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Alivyokuwa hawezi kupita mbele ya mtoto anayelia. Halafu jina la marehemu, limeandikwa lote, na salamu za Krismasi. Mpaka leo naamini kwamba kuliandika lile jina ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe, kwa sababu baada ya miezi michache watu huacha kumtaja marehemu mbele ya mfiwa, wakidhani wanamhurumia, na mfiwa anabaki peke yake na jina lisilotamkwa na mtu.

Sasa, mwaka wa kwanza bila yeye.

Nilinunua. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ile hasira ya mbele ya kioo haikunizuia hata kidogo; ilinipeleka humohumo dukani. Nilinunua mti mkubwa kuliko tuliowahi kuwa nao, taa za rangi, karatasi za kufungia zawadi, na zawadi zenyewe nyingi kupita mwaka wowote. Kila jioni nilifungua simu na matangazo yalikuwa yananingoja: zimebaki siku kumi, zimebaki siku saba, usiwasahau uwapendao. Mimi, niliyekuwa nimemzika mama yangu wiki chache nyuma, nilikuwa na haja kubwa ya kutomsahau nimpendaye, na hapakuwa na mtu mwingine yeyote aliyekuwa akiniambia la kufanya. Duka lilikuwa na jibu. Watu waliokuja na pole zao walikuwa wamesharudi makwao, na duka ndilo lililokuwa wazi mpaka saa nne usiku.

Asubuhi ya Krismasi tulikaa katikati ya yale maboksi. Mdogo wangu wa kiume alifungua la kwake, akasema ahsante, akaliweka chini polepole kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Baba alikuwa na boksi magotini, karatasi hajaichana, amelishika kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwishowe akaniuliza, "Hili mama yako angelipenda?" Sikujua alikuwa anauliza nini hasa. Deni la Krismasi ile lilinifuata mpaka Aprili.

Sanduku la pango hatukulifungua. Na jambo moja zaidi lilitokea Desemba hiyo ambalo sikuweza kulibeba: kadi zilianza kufika kwa jina la mama. Watu waliokuwa mbali, ambao habari haikuwafikia, walikuwa wanamjibu mapema kama kila mwaka. Zilikuwa saba. Niliziona bahasha, nikayaona maandishi ya jina lake kwa mikono saba tofauti, nikazitia zote kwenye droo ya meza bila kuzifungua.

Mwaka wa pili nikafanya kinyume chake. Nilitangaza nyumbani kwamba hatufanyi kitu. Hakuna mti, hakuna zawadi, hakuna wageni. Nilikuwa nimeamua kwamba Krismasi yote ni biashara iliyovikwa nguo za kanisa, na kwamba mtu mwenye akili akishatambua hilo hujitoa. Baba hakubisha. Mdogo wangu alikwenda kwa wakwe zake na mkewe na mtoto, nami nilimwelewa. Tarehe 25 ilipita kama Jumanne yoyote. Usiku niliamka nikamkuta baba jikoni, amesimama gizani, mkono ameuweka juu ya meza. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Mwaka jana tulipiga kelele," alisema. "Mwaka huu tumenyamaza. Mama yako simwoni kwenye yote mawili."

Nilirudi kitandani lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nimejiona jasiri kwa kukataa, na baba alikuwa ameniambia kwa maneno machache kwamba kukataa kwangu kulikuwa bado kunawatazama wenye maduka. Walisema nunua, nikasema sinunui. Mazungumzo yote yalikuwa kati yangu na wao, na mama hakuwemo.

Katika wiki zilizofuata nilianza kusoma. Nikiri kwamba nilianza kwa nia mbaya: nilitaka ushahidi kwamba sikukuu hii ilioza zamani, ili nipumzike. Na ushahidi upo, sikuukosa. Mwaka 1939, kwa mfano, mwezi Novemba ulikuwa na Alhamisi tano, na sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani ingeangukia tarehe 30. Kwa kuwa manunuzi ya Krismasi yalianza baada ya sikukuu hiyo, wafanyabiashara walilalamika kwamba siku za kununua zawadi zingekuwa chache mno, na Rais Franklin D. Roosevelt akaivuta sikukuu nyuma kwa wiki moja. Baadhi ya majimbo yakagoma kumfuata, taifa likasherehekea kwa tarehe mbili tofauti, na ikabidi Bunge lao liweke sheria mwaka 1941. Niliposoma hayo nilisema moyoni, hii hapa. Siku ya kumshukuru Mungu inasogezwa kama meza, ili watu wapate nafasi ya kununua.

Lakini nilivyozidi kusoma ndivyo mambo yalivyokataa kukaa upande mmoja. Wapuritani wa Massachusetts, Waprotestanti wa msimamo mkali huko Amerika, walikuwa na hasira kama yangu na zaidi: mwaka 1659 walipitisha sheria ya kumtoza faini mtu yeyote atakayekutwa akisherehekea Krismasi, ikadumu mpaka 1681 ilipofutwa. Niliwatazama nikajiona. Nyumba yetu mwaka ule wa pili ilikuwa chini ya sheria ya namna hiyo, na mimi ndiye niliyeipitisha. Wao angalau walikuwa na hoja zao za Maandiko. Mimi nilikuwa na uchungu tu.

Halafu kadi. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali, alikuwa na barua nyingi za kujibu kuliko muda aliokuwa nao, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha, zikachapishwa kama nakala 1,000. Ndiyo kusema kadi ilizaliwa kama njia ya mkato, na kama bidhaa tangu siku ya kwanza. Ila nilipoitazama picha yenyewe nilishangaa. Katikati ni familia, wazee kwa watoto, wameinua glasi zao kuelekea kwa anayeitazama. Pembeni, kushoto na kulia, kuna picha mbili ndogo: mwenye njaa analishwa, asiye na nguo anavikwa. Hivyo vyote viko kwenye karatasi moja, na bidhaa hiyohiyo, ilipofika mikononi mwa mama yangu, ikawa chombo cha kumtajia mjane jina la mumewe. Hapo hoja yangu ilikufa. Mama alinunua kadi zake dukani kama mtu mwingine yeyote. Alilipa, akachukua, akaenda nazo nyumbani, na biashara ikaishia mlangoni kwa sababu yeye alikuwa na kazi ya kuzifanyia. Mimi sikuwa na kazi. Ndiyo maana duka likanipa ya kwake.

Kuna hadithi nyingine niliyoipata wakati huo ambayo naipenda kuliko zote. Mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, mwanateolojia aliyeitwa Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika makao aliyoyaanzisha. Watoto walimsumbua kila siku: Krismasi ni lini, zimebaki siku ngapi? Akachukua gurudumu, akalizungushia mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili nne za Majilio, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Mwanga uliongezeka kadiri siku zilivyopungua. Nilikaa na picha hiyo muda mrefu, kwa sababu simu yangu nayo ilikuwa imenihesabia siku. Zimebaki siku tano. Zimebaki siku mbili. Hesabu ni ileile, lakini hii ya simu ilinifanya nikimbie, na ile ya gurudumu iliwafundisha watoto wasio na kitu kwamba kungoja nako ni kuwa na kitu.

Na kungoja nilikuwa nakujua. Miezi mitatu ya mwisho ya mama tulihesabu siku pembeni ya kitanda, bila kusema tunahesabu nini.

Nilirudi pia kwenye Injili, ambazo nilikuwa nimezisikia kila mwaka tangu utotoni, nikakuta nilikuwa sijazisikia. Furaha ya malaika ipo. Lakini geuza ukurasa. Katika Luka, siku mtoto anapopelekwa hekaluni, wanaompokea ni wazee wawili. Mmoja, Simeoni, anamwambia mama wa mtoto kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Wa pili ni Ana, mjane aliyekaa na mumewe miaka saba tu, na sasa ni mwanamke mkongwe asiyebanduka hekaluni. Mjane yumo ndani ya hadithi ya Krismasi, tena kwa jina lake na miaka ya ndoa yake, na ni miongoni mwa wa kwanza kumtambua mtoto. Kwa nini sijawahi kumwona kwenye kadi yoyote?

Na Mathayo ni mkali zaidi. Sura ya pili, mamajusi wakiwa wameshaondoka, Herode anaua watoto wa Bethlehemu, na mwandishi anamleta Raheli kutoka kitabu cha Yeremia, akiwalilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Kanisa likaiweka siku ya watoto hao tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi yenyewe. Nilisoma maneno hayo mawili, *asikubali kufarijiwa*, nikayasoma tena. Hakuna anayemkemea Raheli. Hakuna anayemwambia kwamba leo ni sikukuu, ajikaze. Ameachwa alie ndani ya hadithi hiyohiyo ya nyota na zawadi, na wote wawili, yeye na malaika, wana haki ya kuwemo. Krismasi niliyokuwa naikimbia, ile inayodai kila mtu acheke, haikutoka kwa Mathayo wala kwa Luka.

Mwaka wa tatu, siku chache kabla ya Majilio, nilifungua droo ya meza.

Bahasha saba. Sita zilikuwa salamu za kawaida. Ya saba ilitoka kwa mwanamke ambaye mumewe alikuwa na msalaba kwenye daftari la mama, miaka tisa kabla. Aliandika kwamba kadi ya mama ndiyo pekee kwa mwaka mzima inayolitaja jina la mume wake, kwamba watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa na hawamsemi baba yao tena mbele yake, na kwamba kila Desemba huingoja kadi hiyo, akishaipata ndipo hujua Krismasi imefika. Mwishoni aliuliza kama mama ni mzima, kwa sababu mwaka huo kadi ilikuwa imechelewa.

Miaka miwili barua hiyo ilikuwa gizani kwa sababu mimi nilikuwa na uchungu. Nililia kwa aibu na kwa mama, vyote pamoja, kisha nikaenda kulitafuta daftari.

Sikuweza kuandika kama yeye. Wengi wa wale marehemu sikuwafahamu, kwa hiyo kumbukumbu sikuwa nayo. Nikaamua kuandika kile nilichokuwa nacho: kwamba mama alikuwa akikaa mezani kila Desemba akilitaja jina hili, kwamba mama mwenyewe amefariki, na kwamba daftari liko kwangu. Nilianza na yule mwanamke. Barua yake ilinichukua jioni nzima na karatasi tatu zilizoharibika. Zilizofuata zilikuwa rahisi kidogo. Nilijiwekea mbili kwa jioni, na nilipofika Krismasi nilikuwa bado sijamaliza.

Hapo nilijifunza jambo ambalo mama lazima alilijua. Tarehe 26 maduka yalishusha taa, spika zikanyamaza, matangazo yakahamia kwenye mwaka mpya. Kwa wenye biashara, Krismasi ilikuwa imekwisha. Lakini kwa kalenda ya kanisa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza: ina siku zake 12, mpaka Tokeo la Bwana tarehe 6 Januari, na Waorthodoksi wa Urusi, wanaofuata kalenda ya zamani ya Juliasi, huwa hata hawajaanza mpaka tarehe 7. Siku hizo tulivu, ambazo hakuna anayezitaka, ndizo alizokuwa akimalizia kadi zake. Namwambia kila aliyefiwa: kama huwezi kuibeba tarehe 25 yenyewe, iache ipite, usijilaumu. Kuna siku nyingi baada yake zisizo na kelele. Mimi hadi leo nafanya Krismasi yangu kubwa kati ya tarehe 26 na tarehe 6.

Sanduku la pango tulilifungua pamoja, baba, mimi, mdogo wangu na mkewe, na binti yao aliyekuwa na miaka mitano. Sanamu zilikuwa zimefungwa vipande vya nguo za mama, na nguo zilikuwa bado na harufu. Sikujiandaa kwa hilo. Baba alichukua kipande kimoja akakikunja, akakitia mfuko wa shati, akaendelea kupanga kondoo. Binti wa mdogo wangu alimshika mchungaji asiye na mkono akauliza ameumia wapi. Baba akamjibu kwamba hajui, lakini bibi yake hakutaka kumbadilisha, kwa sababu alisema hata huyu amekuja.

"Na mtoto yuko wapi, shangazi?"

Tulitazamana sisi wakubwa. Hakuna aliyekuwa amefungua droo ya mama tangu Oktoba ile.

Inasemekana kwamba pango la kwanza halikuwa na sanamu. Mwaka 1223, kijijini Greccio huko Italia, mtawa Fransisko wa Asizi aliomba kuletewe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli, na ibada ikafanyika juu ya hori hilo lisilo na mtoto wa udongo wala wa mbao. Alikuwa amebakiza miaka mitatu tu ya kuishi, na afya yake ilikuwa imeharibika. Alitaka, kwa macho yake, aone shida aliyozaliwa nayo yule mtoto. Nikilikumbuka hori la Fransisko na hori la mama, naona wote wawili hawakuogopa pengo. Waliliweka katikati, mahali ambapo kila mtu atalitazama. Mimi miaka miwili nilikuwa nikilijaza au nikilifunika.

Kuhusu pengo la mezani hatukufanikiwa haraka. Nilikuwa nimesikia kwamba Wapoland, kwenye mlo wa mkesha wa Krismasi, huandaa nafasi moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa, na wengi huiona kuwa pia ya wale wasiokuwepo. Nikaliacha wazi kiti cha mama, na sahani yake mbele. Ilikuwa vibaya. Kila mtu alikula akikikwepa kwa macho, na mke wa mdogo wangu akaanza kulia. Ndipo baba akanyanyuka bila kusema kitu, akaja akakaa kwenye kiti cha mama, akajivutia sahani. Kiti kilichobaki wazi kikawa cha kwake, na yeye alikuwa palepale, tunamwona, anakula. Sijui alilifikiria saa ngapi. Tangu siku hiyo hajarudi kwenye kiti chake cha zamani.

Usiku huo tulikwenda wote chumbani, tukaifungua droo. Mtoto alikuwepo chini ya nguo, kwenye kipande cha gauni la bluu. Binti wa mdogo wangu alimbeba kwa mikono miwili ukumbi mzima, taratibu, akizuia pumzi, akamlaza.

Daftari nililimaliza tarehe 5 Januari. Nilipokuwa nafunga jalada nilikumbuka kwamba mama mwenyewe hayumo. Bila shaka, nani hujiandika kwenye daftari lake? Nikarudi kwenye herufi yake, nikaandika jina lake lote, nikaweka msalaba mdogo, tarehe ile ya Oktoba, na chini yake waliobaki. Jina la kwanza lilikuwa la baba.

Na kwa utaratibu wa daftari, hao ndio wa kwanza kuandikiwa. Nilitafuta kadi iliyobaki, nikaandika: *Nakumbuka alivyokuwa akipuliza kalamu kabla ya kuandika, kama inaungua.* Nikaandika jina la mama. Niliitia kwenye bahasha, nikaandika anwani ya nyumba tunayoishi sote wawili, nikaipeleka posta.

Ilifika baada ya siku nne. Baba aliipokea mlangoni, akaitazama sana ile anwani, akaenda kuisomea dirishani akiwa amenipa mgongo. Alikaa huko mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimemuumiza. Kisha akaja mezani, akavuta kiti cha mama, akakaa. Akaniomba daftari. Halafu akaniomba kalamu.